MBWA WA PILI NYUMBANI: MTOTO AOMBE VIPI, MZAZI AJIBU VIPI?

Nyumba yenye watoto haikosi maombi. Huyu ataka kalamu, huyu ataka viatu vya kwendea Misa, huyu ataka ruhusa ya kumtembelea shangazi yake wakati wa likizo. Mengi ya maombi hayo hujibiwa kwa neno moja, ndiyo au hapana, na kabla jua halijachwa yamekwisha kusahauliwa. Lakini yako maombi ambayo kwa nje yaonekana madogo, na ndani yake mna mambo makubwa: chakula cha nyumba nzima, afya ya watoto, amani na majirani, na heshima kati ya baba na mwana. Ombi la mbwa wa pili ni mojawapo.

Msomaji akaaye mjini huenda akacheka. Sisi wa vijijini hatucheki. Hapa Ngenge, wilayani Muleba, watu ni wakulima na wafugaji. Mahindi yakianza kukomaa, nyani na tumbili huyaona kabla ya mwenye shamba. Usiku fisi hulizunguka zizi. Sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019, imo katika wilaya yetu, na wanyama wa porini hawasomi mabango ya mpaka. Kwa hiyo mbwa kwetu si pambo la nyumba. Ni mlinzi, na katika nyumba nyingine ndiye mlinzi pekee.

Ombi lenyewe

Kijana mmoja wa kigango kimojawapo cha huku kwetu, mwenye umri wa miaka 14, mwanafunzi wa darasa la saba, alikuja ofisini kwa parokia siku ya Jumamosi. Alitaka nimwombee kwa Padre, ili Padre aende kusema na baba yake. Nilifikiri mna ugomvi mzito nyumbani kwao. Kumbe ni habari ya mbwa.

Nyumbani walikuwa na mbwa mmoja, mzee wa miaka tisa. Meno yamelika, masikio yamepungua kusikia. Katika miezi mitatu fisi walikuwa wamechukua wana-mbuzi watatu, na mbwa hakubweka hata mara moja. Tena, kila mahindi yalipokomaa, dada yake mdogo wa miaka tisa alibakizwa nyumbani siku mbili kwa juma ili awafukuze tumbili shambani, na siku hizo shule ikampita. Kijana aliona dawa ya mambo hayo mawili ni moja: apatikane mbwa wa pili, angali mchanga, afundishwe kazi na yule mzee kabla hajafa. Shangazi yake, akaaye kijiji cha pili, alikuwa na mbwa jike aliyekaribia kuzaa, naye amekubali kumpa mtoto mmoja bila malipo.

Hayo yote ni maneno ya akili. Hata hivyo baba alikataa. Kijana aliomba mara nne, na mara nne akajibiwa hapana.

Nilimwuliza swali moja tu: "Baba yako alipokataa, alitoa sababu gani?"

Kijana akanyamaza. Hakuijua. Hakuwa ameuliza. Nikamwambia arudi nyumbani, asubiri mpaka baba yake amekula na kupumzika, amwamkie, kisha aulize kwa adabu sababu ya kukataliwa. Na baada ya kusikia asijibu neno siku hiyo. Ikiwa hata hivyo Padre atahitajika, ataarifiwa.

Padre hakuhitajika.

Sababu za baba

Jioni ya siku ileile kijana alikwenda akakaa karibu na baba yake nje ya nyumba. "Shikamoo, baba. Sikuja kuomba mbwa tena. Nimekuja kuuliza, kwa nini hutaki?"

Baba alitaja sababu nne, na ya nne aliitaja ya mwisho, baada ya kimya kirefu.

Ya kwanza ni chakula. "Mbwa hali upepo," alisema. "Mwezi wa njaa ukija, nitawapimia ninyi au nitampimia yeye?"

Ya pili ni majirani. Mbwa mmoja wamfahamu. Wawili wakiwa pamoja huwa na ujasiri, huanza kutembea usiku, wakala mayai ya watu na kukimbiza kuku. Na jirani yao wa chini ni mzee Mwislamu, mtu wa sala tano, ambaye hapendi mbwa aiguse nguo yake.

Ya tatu ni kazi. "Wewe mwakani ukifaulu utakwenda sekondari. Mbwa atabaki kwa nani? Kwangu. Basi waomba mbwa wangu, si wako."

Ya nne ni hii. Baba huyo alipokuwa mtoto wa miaka kumi, mdogo wake aliumwa na mbwa mguuni. Kidonda kilikuwa kidogo, kikafungwa majani, kikapona. Baada ya majuma sita mtoto akaanza kuwashwa pale pale palipopona. Kisha akashikwa na homa, akawa ataka maji na kila akiletewa maji koo lake likajifunga kwa hofu. Akafa siku ya nne. Kaka yake ndiye aliyekuwa amekaa karibu naye na kikombe mkononi.

Kijana alikuwa hajapata kusikia habari ya baba yake mdogo huyo. Sasa alielewa kwa nini kila mwaka bwana mifugo anapokuja kuchanja, baba yake huwa wa kwanza kufika na mbwa. Na kwa nini kadi ya chanjo ya mbwa huwekwa katika sanduku moja na vyeti vya ubatizo.

Baba asema kweli

Tusimame hapa kidogo, tuzipime sababu hizo, maana ni sababu za wazazi wengi.

Tuanze na ile ya nne, kwa kuwa yahusu uhai. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa uletwao na kirusi kilicho katika mate ya mnyama mgonjwa. Huingia kwa jino, au kwa mate yakigusa mchubuko, jicho au mdomo. Hutembea polepole kufuata mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Mara nyingi huchukua mwezi mmoja hadi mitatu, pengine majuma machache, pengine hata mwaka. Dalili zikisha kuonekana kwa mtu, karibu hakuna aponaye. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka ulimwenguni, wengi wao Asia na Afrika, na katika kila 100 wanaokufa, kama 40 ni watoto wenye umri chini ya miaka 15. Karibu wote wameambukizwa na mbwa.

Lakini jambo hilo la kuogofya lina upande wa pili wa furaha: ugonjwa huo wazuilika kabisa. Tarehe 6 Julai 1885, huko Paris, mtaalamu Louis Pasteur alisimamia kuchanjwa kwa mtoto wa miaka tisa, Joseph Meister, aliyekuwa ameumwa vibaya na mbwa mwenye kichaa. Mtoto akapona, akakua mtu mzima. Tangu siku ile hakuna sababu ya mtu aliyeumwa kungoja kifo.

Msomaji, shika mambo haya na uwafundishe watoto wako. Mtu akiumwa au akikwaruzwa na mbwa, kidonda kioshwe mara hiyohiyo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, muda wa dakika 15. Kisisuguliwe pilipili, mafuta ya taa wala majani. Kisha mtu apelekwe zahanati au hospitali siku ileile, hata kama kidonda ni kidogo, apate sindano. Nazo ni zaidi ya moja, asiache katikati kwa kuwa ajiona mzima. Mbwa mwenyewe, ikiwezekana bila hatari, afungwe na atazamwe siku 10. Kama alikuwa na ugonjwa katika mate yake siku alipouma, kwa kawaida atadhihirisha dalili au kufa katika siku hizo: atageuka tabia, atadondosha mate, sauti itabadilika, atauma miti na mawe, au taya litalegea. Hata hivyo mtu aanze sindano, asingoje siku hizo ziishe.

Na kinga iliyo bora ni kuchanja mbwa wenyewe. Wataalamu wasema kwamba mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kisiwani Pemba walifanya hivyo, na mwaka 2014 kichaa cha mbwa kikakoma. Chanjo zilipolegea, kikarudi mwaka 2016. Wakachanja tena kwa bidii, kikamalizwa tena mwaka 2018. Fundisho ni wazi. Hatari iko kwa mbwa asiyechanjwa na asiye na bwana. Mbwa wawili waliochanjwa na kufungwa mchana ni salama kuliko mmoja anayezurura bila chanjo.

Sasa chakula. Baba yule alisema kweli kwamba mbwa hali upepo. Tupige hesabu. Mbwa wa kijijini, pamoja na makombo ya mezani, ahitaji walau robo kilo ya unga kwa siku. Kwa mwezi wa siku 30 ni kilo 7 na nusu. Kwa mwaka ni kilo 91 na robo, yaani karibu gunia zima. Nyumba ambayo kila mwaka hununua mahindi kuanzia mwezi wa kumi na moja, haina gunia la ziada. Mzazi wa nyumba hiyo akisema hapana, mtoto na anyamaze, maana baba yake amehesabu.

Kanisa nalo lafundisha hivyo. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2416 hadi 2418, yatuambia kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu na twadaiwa kuwatendea kwa wema; kuwatesa au kuwaua bila haja ni kinyume cha heshima ya mwanadamu. Lakini namba hiyohiyo ya 2418 yasema pia kwamba haistahili kutumia juu ya wanyama mali ambayo kwanza ingepaswa kuwaondolea watu taabu. Ukiwa na mtoto asiye na daftari, daftari litangulie.

Habari ya majirani nayo si ndogo. Waislamu wengi wa Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi. Nguo au chombo kilichoguswa chahitaji kuoshwa kwa namna maalumu kabla ya sala. Mkristo anayemwacha mbwa wake amrukie jirani wa namna hiyo njiani, amemwongezea kazi na kumvunjia heshima. Wahenga walisema, mcheza na mbwa huingia naye msikitini. Basi tucheze na mbwa wetu ndani ya uwanja wetu.

Namna mbaya za kuomba

Watoto wetu wana njia nyingi za kuwashinda wazazi. Tutaje tatu zisizofaa.

Njia ya kwanza ni kumtanguliza mama. Mtoto humlilia mama mpaka mama aanze kumlilia baba. Matokeo yake ni kwamba mbwa akija, amekuja na mgawanyiko. Kila atakapoiba nyama, baba atasema, "Mbwa wako huyo," naye atakuwa amsemesha mkewe.

Njia ya pili ni kumleta mbwa kwa siri. Mtoto humficha katika shati, humlaza ghalani, na siku ya tatu humtoa akiwa tayari amezoea nyumba. Atumaini kwamba baba hataweza kumfukuza kiumbe mdogo analia. Pengine hufaulu. Lakini amejifunza kwamba neno la baba laweza kuzungukwa, na fundisho hilo halitaishia kwa mbwa.

Njia ya tatu ni kuahidi mbingu. "Nitamlisha kila siku, nitamwogesha, nitamfanyia yote." Ahadi ni nyepesi mdomoni. Mzazi aliyeishi miaka arobaini amekwisha kusikia ahadi nyingi.

Namna iliyo njema

Yule kijana wetu, baada ya kusikia sababu nne, hakujibu neno siku ile, kama alivyoshauriwa. Siku ya pili alianza kazi. Napenda kuieleza kazi yake kwa mpango, kwa kuwa yaweza kufuatwa na mtoto mwingine, hata kama aomba kitu kingine kisicho mbwa.

Kwanza, alianza na mbwa aliyekuwapo. Zamani mbwa mzee alilishwa na yeyote aliyekumbuka. Sasa kijana alimwekea chombo chake na saa yake, jioni kabla ya Rozari. Alimtoa kupe kwa mkono, akaomba dawa ya minyoo kwa bwana mifugo. Alimfunga mchana kivulini na kumfungua usiku. Kwa miezi mitano hakukosa. Baba alikuwa akitazama wala hasemi.

Pili, alilima. Aliomba kipande cha ardhi nyuma ya nyumba ambacho hakikuwa kikilimwa, akapanda mahindi yake mwenyewe. Alivuna debe tatu, yaani kama kilo 60. Kwa hesabu tuliyoifanya hapo juu, hicho ni chakula cha mbwa mmoja kwa miezi minane. Na mtoto wa mbwa katika miezi yake ya kwanza hula kidogo kuliko mkubwa.

Tatu, alikwenda kwa yule mzee Mwislamu. Hakwenda kuomba ruhusa, bali kuuliza: "Babu, mbwa wa pili akija kwetu, ni jambo gani litakalokuudhi?" Mzee alifurahi kuulizwa. Alisema mambo mawili tu: mbwa asipite uwanjani pake, wala asinywe katika chombo cha maji ya kutawadhia. Tena akasema kwamba fisi hao hao walikwisha kuchukua mbuzi wake mmoja, naye angependa kusikia mbwa akibweka usiku. Kijana alizibua pengo la ua upande ule kwa miti na miiba.

Nne, alimfundisha dada yake. Msimu wote huo dada alimpimia mbwa chakula siku za Jumatatu na Alhamisi, akajua kumfunga na kumfungua. Ndivyo lilivyojibiwa swali la nani atabaki naye.

Tano, juu ya jambo lile la marehemu baba yake mdogo, kijana hakusema mengi. Alinakili katika karatasi maneno ya kuosha kidonda kwa sabuni dakika 15 na kwenda zahanati siku ileile, akayabandika ukutani, akawafundisha wadogo zake mpaka wakayajua kama wajuavyo Baba Yetu. Jumapili moja alimwomba baba wampelekee marehemu nia ya Misa. Baba alikubali. Jina la mtoto yule, lililokuwa limekaa kimya miaka mingi, lilisomwa kanisani mbele ya wote.

Mavuno yalipokwisha, mama ndiye aliyesema, naye alisema mara moja tu, mbele ya wote: "Waitu, mtoto ameuliza vizuri."

Baba akajibu, "Nimeona."

Jibu la baba

Nataka wazazi wasome jibu hilo kwa makini, maana si ndiyo tupu. Baba alitoa masharti. Mbwa asiletwe kabla ya kutimiza miezi miwili, ili ashibe maziwa ya mama yake. Mama yake awe amechanjwa, na kadi ionekane. Awe dume, ili nyumba isijikute baada ya mwaka mmoja na watoto saba wa mbwa wasio na pa kwenda. Afikapo umri wa miezi mitatu achanjwe, na kila mwaka tena. Mchana afungwe. Na mahindi ya mwaka ujao yalimwe kabla ya haya kwisha.

Kisha siku ilipofika baba mwenyewe akaenda kwa dada yake, akamchukua mtoto wa mbwa kwa mikono yake, akarudi naye kwa miguu. Huku kwetu mbwa huweza kupewa jina lenye neno ndani yake, ili kila aitwapo watu wakumbuke. Huyo baba alimwita Sababu.

Dada mdogo siku hizi haachwi nyumbani kwa ajili ya tumbili. Hilo ndilo lililonipendeza kuliko yote.

Wazazi, neno la hapana lina kazi yake, na nyumba isiyokuwa nalo ni nyumba mbovu. Lakini hapana isiyo na sababu humfanya mtoto afikiri kwamba baba hampendi, au kwamba baba ni mtu wa kushindwa kwa hila. Mtume Paulo, akiwaandikia Waefeso, baada ya kuwaagiza watoto wawatii wazazi, mara hiyo awageukia baba na kuwaonya wasiwachokoze watoto wao. Amri ya nne ina milango miwili. Mtoto mwenye miaka 14 aweza kuipokea huzuni ya baba yake, na pengine ataibeba vizuri kuliko tunavyodhani.

Mbwa katika safari za watakatifu

Wako Wakristo wadhanio kwamba mbwa hutajwa katika Maandiko kwa dharau tu. Hutajwa hivyo mara nyingi, ni kweli. Lakini fungua Kitabu cha Tobiti. Kijana Tobia alipotumwa na baba yake kipofu safari ya mbali, alifuatana na malaika Rafaeli, na mbwa naye akaenda pamoja nao. Wakati wa kurudi mbwa yumo tena njiani nyuma yao. Hakufanya muujiza wowote. Alifuata tu, akarudi, na Maandiko hayakuona aibu kumtaja. Na katika Injili ya Luka, maskini Lazaro alipolala mlangoni pa tajiri, mbwa ndio waliomkaribia vidonda vyake, watu walipompita.

Mtakatifu Roko, ambaye sikukuu yake ni tarehe 16 Agosti, huchorwa akiwa na mbwa mwenye mkate kinywani, kwa kuwa mapokeo husema alipougua tauni porini mbwa alimletea chakula. Mtakatifu Yohane Bosco, rafiki wa vijana, aliyekufa mwaka 1888, alisimulia habari za mbwa mkubwa wa rangi ya kijivu aliyemtokea mara kwa mara katika mji wa Turin, tangu miaka ya 1850, na kumkinga na watu waliotaka kumdhuru.

Kanuni za nyumba yenye mbwa wawili

Mwenye kukubali mbwa wa pili na ashike haya.

Siku ya kwanza wakutanishwe nje ya uwanja, mahali ambapo mzee hapahesabu kuwa pake. Kila mmoja awe na chombo chake, nao walishwe mbali mbali, maana ugomvi mwingi wa mbwa huanzia kwenye chakula. Mzee apewe kwanza.

Mbwa asipewe matumbo, maini wala mapafu mabichi ya mbuzi au ng'ombe yenye malengelenge. Humo hukaa minyoo ambayo mbwa huimeza na kuipitisha kwa watoto wetu kwa njia ya mavi na mikono isiyonawiwa. Yachemshwe vizuri, au yafukiwe chini sana.

Wasipelekwe shambani wakiwa wachanga sana. Nyani dume aweza kumrarua mbwa mmoja. Wawili waliokomaa, tena mtu akiwapo karibu, humfanya ageuke.

Wasipelekwe kuwinda. Kuwinda bila kibali ni kosa la sheria, na kuingiza mbwa hifadhini ni kujitafutia kifungo. Tena kuna hatari nyingine wasiyoijua wengi. Mwaka 1994 katika Serengeti ulizuka ugonjwa wa mbwa uitwao distempa, ukaua kama theluthi moja ya simba wote wa huko. Na mbwa wa vijijini walidhaniwa kuwa ndio chanzo. Mbwa wetu aliyebaki nyumbani huwalinda mbuzi wetu, na huwalinda na simba vilevile.

Mwisho, wasipigwe ovyo wala kuachwa na njaa ili "wawe wakali." Mbwa mwenye njaa huwa mwizi, na mbwa aliyepigwa huuma mtoto. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yakataza ukatili huo, na dhamiri ya Mkristo ilikwisha kuukataza kabla ya sheria.

Kwa kumalizia

Tarehe 28 Septemba ya kila mwaka ni siku iliyowekwa ulimwenguni kukumbuka vita dhidi ya kichaa cha mbwa. Ndiyo siku aliyofariki Pasteur mwaka 1895. Viongozi wa jumuiya wangefanya vema kumwuliza bwana mifugo wa kata mapema kuhusu siku za chanjo, na kuzitangaza baada ya Misa, ili asiwepo wa kusema hakusikia.

Nanyi watoto msomao gazeti hili, mkitaka kitu kwa wazazi wenu, ulizeni kwanza sababu ya kukataliwa. Mkiisha kuisikia, shikeni jembe. Huenda hata baada ya hayo jibu likabaki hapana, kwa kuwa ghala ni tupu. Hata hivyo mtakuwa mmemjua baba yenu zaidi ya mlivyomjua jana, na mahindi mliyolima hayataoza.